Mlango wa Shule: Zamani Uliwatafuta Watoto, Sasa Watoto Wautafuta

Kila mwaka, miezi ya mwisho inapokaribia, wazazi hutujia sisi walimu na swali moja. Wengine huja nyumbani jioni, wengine hutusimamisha njiani tutokapo kanisani, na wengine humleta mtoto mwenyewe, amevikwa nguo zake za sikukuu, kana kwamba sisi ndio tutakaompima. Swali lao ni hili: "Mwalimu, shule gani iliyo njema, na mwanangu ataingiaje humo?" Zamani swali hili halikuwako. Babu zetu hawakuliuliza, na baba za babu zetu wangalicheka kulisikia. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu jinsi lilivyozaliwa, maana twaona ya kuwa jibu lake limo ndani ya habari zenyewe.

Na tuanze katika mji wa Unguja, mwaka 1864. Mwezi wa Agosti mwaka huo walifika Askofu Tozer na Dr. Steere, wakuu wa misheni ya UMCA. Misheni hiyo ilikuwa imejaribu kwanza kukaa upande wa mto Shire, ikashindwa kwa homa, njaa na vita; ndipo ikahamia pwani. Wageni hawa walitaka kuanza shule, lakini wanafunzi wao wa kwanza hawakuletwa na baba zao wala mama zao. Seyyid Majid aliwapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa, na hao ndio waliokuwa darasa la kwanza. Hakuna aliyewauliza wanajua nini. Siku zile mtumwa alijua mtihani mmoja tu, ule wa sokoni, ambapo mnunuzi humfunua mtu kinywa amtazame meno.

Baada ya hao wakaja wengine, walioletwa na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiwinda majahazi baharini. Wavulana wakawekwa Kiungani, kusini ya mji, na wasichana Mbweni. Walitoka katika makabila mengi, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, wala hawakuwa na lugha moja ya kusemezana ila Kiswahili walichojifunza huko. Mtu wa leo achaguaye wanafunzi angaliona kuwa darasa lile ni baya kupita yote: watoto wasio na wazazi, wengine wagonjwa, wengi wenye hofu, wote wamechelewa. Lakini tazameni matunda yake. John Swedi, mmoja wa wale watano, alifanywa shemasi mwaka 1879, miaka 15 tu baada ya kushushwa jahazini. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, alifanywa padre mwaka 1890, akawahudumia watu wa kabila lake huko Chitangali. Wengine walijifunza kazi ya chapa, na tangu mwaka 1888 Kiungani ikatoa gazeti lake, jina lake Msimulizi, ambalo ndani yake walimu na wanafunzi waliandika habari za miji yao. Sisi tuandikao katika gazeti la namna hii twafuata nyayo zao.

Bara nako shule ilianza kwa kubembeleza. Mtoto wa kiume alikuwa na kazi yake ya kuchunga mbuzi na kuwafukuza ndege shambani. Mtoto wa kike alikuwa na maji, kuni na mdogo wake mgongoni. Mzazi aliona ya kuwa mtoto akaaye mchana kutwa mbele ya ubao ni mikono iliyopotea. Walimu wakapita nyumba kwa nyumba, wakatoa nguo na chumvi na shanga, na huko na huko wazazi walitaka ujira, maana kusoma walikuona ni kazi afanyiwayo Mzungu. Wakuu wa nchi waliposhurutishwa watoe watoto wao, mara nyingi walificha wana wao wenyewe, wakampeleka mtoto wa mtumwa au wa ndugu maskini. Baada ya miaka kumi, mtoto yule aliyetolewa kama mtu atoaye kuku mgonjwa alirudi ni mwalimu, au karani aketiye karibu na meza ya Bwana Mkubwa. Mkuu alipopata barua ilimbidi amwite amsomee. Hapo wakuu walifumbuka macho.

Wajerumani walipoitwaa nchi walitaka makarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 walifungua shule ya serikali Tanga, isiyofundisha dini ya Kikristo, ili Waislamu wa pwani wasiogope kuwaleta watoto wao. Waliotoka humo wakawa maakida, makarani, wakalimani na walimu. Tangu mwaka 1898 watu walianza kudaiwa kodi ya nyumba, na fedha za kodi hupatikana kwa kuuza mazao au kwa kazi ya ujira. Mtu wa jembe alifanya kazi ya mwezi mzima juani kwa rupia chache. Mtu wa kalamu alikaa kivulini akapata zaidi. Wazee hawakuhitaji hotuba juu ya faida ya elimu. Waliiona faida hiyo imevaa kanzu nyeupe, imekaa kitini, na inaandika majina yao katika daftari. Tangu hapo ikawa mzazi ndiye abishaye hodi mlangoni pa shule.

Vita vya mwaka 1914 hata 1918 vilizifunga shule nyingi, na baada yake Waingereza walitawala. Mwaka 1924 ilikuja tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, ikazunguka Afrika ya Mashariki kuchungua elimu. Na ndani yake alikuwamo Mwafrika mmoja, Dr. James Aggrey wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Tume ilishauri serikali na misheni zishirikiane, na masomo yafuate maisha ya vijijini. Mwaka 1927 Tanganyika ikapata sheria ya elimu, na shule za misheni zilizotimiza masharti zikaanza kupewa msaada wa fedha.

Shauri hili lilikuwa jema, lakini ndilo lililozaa uchaguzi. Kwa maana tangu siku hizo zikawako shule za namna mbili. Moja ilikuwa shule ya kichakani, yenye paa la nyasi na mwalimu mmoja aliyefundisha kusoma, kuandika kidogo, na katekisimu. Ya pili ilikuwa shule iliyoandikishwa, yenye mwalimu mwenye cheti, mkaguzi wa kuitembelea, na njia ya kupanda madarasa ya juu. Shule ya kichakani ilikuwa karibu na kila mtu, nayo haikumfikisha mtoto mbali. Ile ya pili ilikuwa mbali, nayo viti vyake vilihesabiwa. Ndipo mzazi alipoanza kuuliza, "Shule gani?" Zamani alikuwa akiulizwa tu kama atamtoa mtoto au hatamtoa.

Juu ya hizo zote ilisimama Shule ya Serikali ya Tabora, iliyojengwa miaka ya 1920 kwa ajili ya wana wa watemi na majumbe. Serikali ilitaka watawala wa kesho wawe na elimu. Chujio la Tabora lilikuwa damu kwanza. Wanafunzi wakachaguliwa kwa nyumba walizozaliwa. Baadaye, miaka ilivyoendelea, mtihani ukachukua mahali pa ukoo, na mtoto wa mtu yeyote aliyeshinda akaweza kuingia. Hii ilikuwa haki kubwa kuliko ile ya kwanza, wala hatuna budi kuikiri. Ila haki hiyo ilimfikia yule tu ambaye tangu mwanzo alikuwa amepata shule ya kumwandaa kwa mtihani.

Hapa twapenda kusimulia habari ya mtoto mmoja, ambayo wasomaji wengi waijua, lakini si wengi waliyoitazama kwa jicho la mlango wa shule. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Baba yake alikuwa na wake wengi na watoto wengi, na mtoto huyu alichunga mifugo kama wenzake. Inasimuliwa ya kuwa mtemi mmoja, rafiki wa baba yake, alicheza bao na kijana huyu, akaona akili zake, akamshauri baba ampeleke shuleni. Mwaka 1934 akaingia Shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa maili 26 hivi kutoka kwao. Alikuwa amekwisha kupata miaka 12. Masomo ya miaka minne akayamaliza kwa miaka mitatu, akafaulu mtihani, na mwaka 1937 akaingia Tabora. Kutoka Tabora akaenda Makerere, akarudi kuwa mwalimu, na mwaka 1961 akaiongoza Tanganyika kupata uhuru.

Twawaomba wasomaji wafikiri jambo moja. Mtoto huyu angaliletwa leo mbele ya meza ya usaili, angalikuwa na dosari ngapi? Amepita umri. Hana cheti cha darasa la awali. Lugha aijuayo ni Kizanaki. Viatu hana. Aliingia kwa sababu mlango wa siku zile, ingawa ulikuwa mwembamba, ulikuwa haujajifunza kuwauliza watoto wadogo maswali. Na iwapo bao moja lilitosha kumfungulia yeye, je, ni wangapi waliokuwa na akili kama zake, ambao hakuna mtemi aliyeketi nao kucheza?

Kwa watoto waliobaki mlango mkubwa ulikuwa darasa la nne. Wengi waliosoma katika siku za Waingereza waliishia hapo. Mtihani uliwapepeta, wachache wakaenda darasa la tano na kuendelea, na wengine wakarudi nyumbani wakiwa na miaka 11 au 12, wanajua kusoma barua, na wameambiwa ya kuwa wameshindwa. Wazee wetu waliopita katika mtihani huo hukumbuka hata leo siku ya kusomwa majina. Mwalimu mkuu alisimama barazani na karatasi, na kila aliyetajwa alivuka upande wa pili. Asiyetajwa alibaki amesimama pale pale. Mwaka wa uhuru, 1961, nchi nzima ilikuwa na wanafunzi wapatao 486,000 katika shule za msingi, na chini ya 12,000 katika shule za sekondari. Mtu akitaka kujua chujio lilikuwa na tundu ndogo kiasi gani, na azitazame hesabu hizo mbili.

Wala hatujasema habari ya rangi. Katika siku hizo Wazungu walikuwa na shule zao, Wahindi zao, na Waafrika zao. Shule ya Arusha, kwa mfano, ilifunguliwa mwaka 1934 kwa ajili ya watoto wa Kizungu, ikiwa na mabweni na viwanja vya michezo. Mtoto wa Kiafrika aliyekaa jirani nayo hakuwa na mtihani wa kuingia humo, kwa kuwa hakuruhusiwa hata kushindwa. Tangu Januari 1962 utaratibu huo ulifutwa, na shule zote zikawa wazi kwa watu wote. Lakini shule zilizokuwa za Wazungu na Wahindi ziliendelea kufundisha kwa Kiingereza na kudai ada kubwa. Wakubwa wapya wa serikali na watu wenye mishahara wakawapeleka watoto wao humo. Rangi iliondoka mlangoni, na fedha ikaketi katika kiti chake.

Mwalimu Nyerere aliyaona hayo. Mwezi wa Machi 1967 alitoa andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alisema wazi ya kuwa katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, 87 hawakupata nafasi ya kuendelea, na kwamba ni kosa kuipanga shule nzima kwa ajili ya wale 13. Shule ya msingi, alisema, na iwe elimu kamili yenyewe, wala isiwe ngazi tu ya kupandia. Mwaka huo huo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Mwaka 1973 ada ya shule ya msingi ikafutwa, na mtihani wa darasa la nne, ule uliowaacha watoto wamesimama barazani, ukaondolewa katika miaka hiyo hiyo. Mwezi wa Novemba 1974, mjini Musoma, karibu na Mwisenge yake ya zamani, chama kiliazimia kwamba kila mtoto wa umri wa shule awe ameingia darasani kufikia mwaka 1977.

Kwa mara ya kwanza katika nchi yetu mlango ukafunguliwa wote. Madarasa yalijengwa kwa matofali ya wanakijiji wenyewe, watoto wakasoma chini ya miembe, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu kwa haraka, huku wakifundisha. Idadi ya wanafunzi ikapita milioni 3. Wasichana, waliokuwa wachache siku zote, wakakaribia kuwa sawa na wavulana. Ni kweli ya kuwa watu walifanya mzaha, wakasema herufi UPE maana yake ni "Ualimu Pasipo Elimu." Mzaha huo ulikuwa na ukweli ndani yake, maana vitabu vilikuwa haba na walimu walikuwa na mzigo mzito. Lakini wengi wa wacheza mzaha walijifunza kusoma kwa walimu hao hao.

Mlango ulifunguliwa, nyumba ikadhoofika. Katika miaka ya 1980 nchi ilipata dhiki ya fedha, michango ikarudi, madawati yakavunjika yasitengenezwe, na wazazi wenye uwezo wakaanza kuwapeleka watoto wao Kenya na Uganda. Katika miaka ya 1990 serikali iliruhusu watu na mashirika kufungua shule za msingi za kufundisha kwa Kiingereza, nazo zikaota kama uyoga baada ya mvua. Kisha serikali ikaurudia mlango ule mkubwa: ada ikafutwa tena, na mpango ulioitwa MMEM ukaanza mwaka 2002, hata wanafunzi waliokuwa milioni 4.4 mwaka 2000 wakapita milioni 7 mwaka 2005. Jirani zetu wa Kenya walifanya hivyo Januari 2003. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi huko Eldoret, amevaa kaptula na soksi ndefu kama wenzake, kwa kuwa alitaka kuisoma Biblia mwenyewe. Mlango usiochagua ulimpokea na yeye. Mwaka 2016 Tanzania ikaifuta hata michango ya lazima.

Hivyo leo tumerudi katika shule za namna mbili. Iko shule ya kata, isiyomkataa mtoto, ambayo mwalimu mmoja huweza kuwa na watoto 80 au 100 mbele yake. Na iko shule yenye jina, yenye basi la rangi, ada ya mamilioni, na mtihani wa kuingia. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani lilitangaza shule kumi za kwanza katika taifa, na wazazi waliisoma orodha hiyo kama watu wasomao bei ya kahawa. Ilipofika mwaka 2023 Baraza likaacha desturi hiyo. Mwaka huo huo serikali ilikataza bweni kwa watoto wa darasa la awali hata la nne, maana wazazi walikuwa wamefika kuwapeleka watoto wa miaka mitano walale mbali na mama zao, ili wasikose nafasi. Watoto wengine hupelekwa kwa mwalimu wa jioni wafundishwe majibu ya usaili, kabla meno yao ya utoto hayajaanza kung'oka.

Nasi hatuandiki haya kama watu waliosimama mbali. Tuliwahi kufundisha katika shule moja ya namna hiyo, ambayo hatutaitaja jina, na mwaka mmoja tuliwekwa mezani kuwasaili watoto. Nafasi zilikuwa 40, na watoto walikuwa zaidi ya 100. Tulipotoka nje kumwita aliyefuata, tulimkuta mtoto wa kiume ameketi sakafuni na vizibo vya soda, amevipanga makundi makundi ya kumi, na vilivyobaki amevitia upande. Mama yake alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka kijijini. Tulimwingiza, tukamwonyesha kadi za rangi, tukamwuliza kwa Kiingereza. Akanyamaza. Tukamwuliza jina lake kwa Kiingereza, akatazama mlango. Kanuni ilikuwa dakika tano kwa kila mtoto, na lugha ni moja. Tukaandika mbele ya namba yake, "Hajafikia kiwango." Alipotoka aliviokota vizibo vyake kimoja kimoja, akavitia mfukoni.

Mambo ya hesabu tuliyaona kwa macho yetu, lakini karatasi haikuwa na mahali pa kuyaandika. Mwaka ule shule yetu ilisifiwa sana kwa matokeo, nasi tukasifiwa pamoja nayo. Ndipo tulipoanza kujiuliza, sifa hii ni ya nani? Tuliwachukua watoto ambao tayari wanajua, wenye vitabu nyumbani na chakula mezani, tukawaondoa wasiojua, kisha tukawashangaza watu kwamba watoto wetu wanajua. Mwanamke apepetaye mpunga huondoa makapi, na ungo wake huonekana una mchele safi. Lakini ungo haujapata kuotesha hata punje moja. Kazi ya kuotesha ni ya shamba.

Hatusemi ya kuwa kuchagua ni dhambi. Penye viti 40 na watoto 100 hapana budi njia ya kuchagua iwepo, na mtihani wa haki ni bora kuliko ukoo, bora kuliko rangi, na bora kuliko bahasha ipitayo chini ya meza. Tusemalo ni kwamba hukumu ya mlangoni yahusu viti, wala haimhusu mtoto amekuwa nani au atakuwa nani. Miaka hii yote mlango umebadili swali lake: kwanza ukauliza, "U mwana wa nani?" kisha, "Rangi yako ni gani?" kisha, "Baba yako ana shilingi ngapi?" na sasa, "Unasema Kiingereza?" Kila mara waliokuwa ndani waliamini ya kuwa swali la siku zao ndilo lipimalo akili. Na kila mara aliyeachwa nje alirudi nyumbani akiamini vivyo hivyo.

Basi, mzazi mpenzi, utuulizapo shule gani iliyo njema, jibu letu ni hili. Wahenga walisema, mchagua nazi hupata koroma. Usichague kwa kugonga kifuu tu. Usiulize kwanza shule yakataa watoto wangapi. Uliza mwalimu wa darasa la kwanza ni nani, na amekaa hapo miaka mingapi, maana shule ambayo walimu hupita kama abiria haina mizizi. Uliza mwalimu huyo ana watoto wangapi. Uliza mtoto aliye mzito wa kuelewa hufanywaje: je, husaidiwa, au huambiwa ahame kabla ya mtihani wa darasa la saba ili asiharibu hesabu? Uliza kama mtoto wako ataweza kusema shida yake kwa lugha aijuayo. Tazama kama atafika shuleni na kurudi kabla ya giza. Na ikiwa shule ya kata ndiyo uliyonayo, usione haya kuiingia, lakini ingia na wewe pamoja naye: uyatazame madaftari yake, uhudhurie mkutano wa wazazi, umjue mwalimu wake kwa jina. Walimu twajua vema ya kuwa mtoto ambaye nyumbani kwao huulizwa, "Leo umejifunza nini?" huwa na mwalimu wa pili asiyelipwa mshahara.

Na kwenu, ndugu walimu wenzetu, twasema neno moja. Wale wavulana watano wa mwaka 1864 hawakuchaguliwa kwa akili zao. Walipokewa tu, wakafundishwa, na katika miaka 15 mmoja wao alisimama madhabahuni. Waliowafundisha hawakuwa na orodha ya shule kumi bora, nao walikuwa na sababu nyingi za kusema, "Watoto hawa hawajafikia kiwango." Hawakusema hivyo. Tukumbuke habari yao kila Januari, darasa jipya liingiapo, na tujue ya kuwa kazi yetu yaanza pale ambapo mtoto hajui.

Yule mtoto wa vizibo hatukumwona tena. Jina lake hatulijui, maana karatasi ilikuwa na namba tu. Iwapo sasa yuko katika darasa la mmoja wenu, mahali fulani, tafadhali mpeni hesabu ngumu.